Jamaa za Katavi na Wageni Waliokuja Kuwasaidia

  Somo letu la leo ni la historia, nalo linahusu nchi yetu hii ya Katavi. Wenye ramani ya mkoa waifungue mezani. Aliyeshika kalamu aandike maneno mawili juu ya ukurasa: JAMAA, na chini yake, MSAADA.

Iko kazi ambayo siku hizi hufanywa na maafisa ustawi wa jamii, na maafisa maendeleo ya jamii wa kata, na wanakijiji wengine wanaojitolea. Kazi yenyewe ni kupiga hodi nyumbani kwa watu, kukaa nao, na kuisaidia jamaa iliyo katika shida. Pengine shida ni mtoto aliyeacha shule. Pengine ni mama aliyeachwa na mumewe, au mzee aliyebaki na wajukuu sita na jembe moja. Watu wengi hudhani kwamba kazi hii imeletwa juzi na Serikali. Sivyo. Tangu zaidi ya miaka mia moja wageni wamekuwa wakija Katavi kuwasaidia wenyeji katika mambo ya nyumba zao. Wengine walisaidia kweli. Wengine waliharibu, huku wakiamini kwamba wanatengeneza. Leo tutatazama kwa nini ilikuwa hivyo.

Kwanza tuwajue wenyeji wenyewe. Wekeni kidole kwenye mji wa Mpanda. Huku, na kuelekea magharibi mpaka Karema kwenye Ziwa Tanganyika, ni nchi ya Wabende. Upande wa mashariki, Inyonga, ni kwa Wakonongo. Kusini, katika bonde linaloshuka kwenda Ziwa Rukwa, ni Mpimbwe, kwa Wapimbwe. Kaskazini magharibi, milimani, wanakaa Watongwe. Zamani watu hawa hawakukaa katika vijiji vikubwa. Walikaa nyumba chache chache, jamaa ya mtu mmoja hapa, na ya mwingine mwendo wa saa mbili mbele. Walilima, waliwinda, walivua, na walirina asali. Ardhi ilipochoka, walihama. Alipokuja mgeni, alilishwa. Kwao jamaa haikuwa baba, mama na watoto peke yao. Ilikuwa pamoja na bibi, babu, mjomba, shangazi, mama mkubwa na baba mdogo, na kila mmoja alikuwa na kazi yake katika kumlea mtoto. Likumbukeni jambo hili, maana ndilo litakalotuongoza mpaka mwisho wa somo.

Sasa twende Karema. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walifungua misheni pale, katika ngome iliyokuwa ya Wabelgiji. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea. Mapadre walikuwa wakiwakomboa watoto kwa kuwanunua, wakawalea katika misheni, na walipokua wakawaoza wao kwa wao na kuwapa nyumba na mashamba. Ulikuwa msaada wa kweli, kwa sababu mtoto aliyenunuliwa na misheni hakufika sokoni. Lakini mtoto yule hakuwa tena na bibi wala mjomba. Jamaa yake ilikuwa misheni.

Mwaka 1889 alifika Karema kijana mmoja Mwafrika, jina lake Adrian Atiman. Hadithi yake inastahili kusomwa katika kila darasa la mkoa huu. Alizaliwa karibu mwaka 1866, mbali sana, huko Afrika ya Magharibi karibu na mto Niger. Alipokuwa mtoto alikamatwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, na Mapadre Weupe wakamkomboa. Wakampeleka kisiwa cha Malta akasomee uganga. Basi alipokuja Karema alikuwa mtu asiye na ndugu hata mmoja katika nchi hii yote. Hakuijua lugha ya hapa, wala hakujulikana ni mtoto wa nani. Lakini akamwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa watawala wa Wabende. Kwa ndoa ile akapata wakwe, mashemeji, na watu wa kumwambia ukweli. Akatibu watu wa Karema na vijiji vya kandokando mpaka alipokufa hapo hapo Karema mwaka 1956. Hesabuni wenyewe ubaoni: 1956 kutoa 1889. Mtoto wao, Joseph, akawa padre mwaka 1923.

Sisemi kwamba kila afisa anayeletwa Katavi lazima aoe huku, ingawa najua wako watakaocheka wakisema mbona wengi wameoa. Ninachosema ni hiki. Mganga yule alipoingia katika nyumba ya mgonjwa, alimjua mgonjwa, na alimjua shangazi wa mgonjwa, na alijua ni nani mle ndani mwenye neno la mwisho. Dawa yake ilinyweka kwa sababu aliyeipokea mkononi ni mtu anayesikilizwa na wengine.

Tutazame sasa msaada wa namna nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliitawala Tanganyika. Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa malale ulienea katika nchi za magharibi. Wengi wenu mnaujua kwa habari za wazee. Malale huletwa na mbung'o. Mbung'o akimwuma mtu mwenye ugonjwa, au mnyama wa porini mwenye vijidudu vyake, kisha akamwuma mtu mzima, humpa ugonjwa. Mgonjwa hupata homa, hukonda, akili humruka, husinzia mchana, na asipotibiwa hufa. Malale ya upande wetu huua upesi, kwa miezi tu. Dawa zilikuwa chache na ngumu.

Mbung'o hupenda kivuli cha miti. Mahali palipofyekwa, penye mashamba na watu wengi, mbung'o hana raha. Kwa hiyo mabwana wa Serikali wakafanya hesabu yao: tukiwakusanya watu hawa waliotawanyika, tukawaweka pamoja mamia kwa mamia, watafyeka msitu kwa wingi wao na mbung'o watakimbia. Mganga mkubwa wa kazi hiyo alikuwa Dokta George Maclean. Watu wakahamishwa, wakapewa viwanja, nyumba zao za zamani zikaachwa. Inyonga ni mojawapo ya mahali palipokusanywa watu namna hiyo.

Je, shauri lile lilikuwa baya? Mimi sioni haki kulihukumu kwa neno moja. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na katika makazi yale wagonjwa walionekana mapema na kutibiwa. Wako watu wanaoishi leo kwa sababu babu yao alipata sindano. Lakini tazameni Serikali ilivyohesabu. Ilihesabu nyumba, maana kodi ilikuwa ya nyumba. Ilihesabu wanaume walipa kodi, maana hao ndio walioandikwa daftarini. Bibi kizee aliyelea wajukuu hakuwa na mstari katika daftari lile. Mjomba aliyekuwa akikaa ng'ambo ya mto, na ambaye ndiye aliyemlisha mtoto wa dada yake wakati wa njaa, aliweza kupelekwa makazi mengine. Mizinga ya nyuki ilibaki porini. Makaburi yalibaki porini. Na nchi iliyoachwa haikukaa tupu: mashamba yaligeuka msitu, wanyama wakaongezeka, na mbung'o pamoja nao. Sehemu kubwa za nchi ya namna hiyo baadaye zikawa hifadhi za misitu na za wanyama, na mwenyeji akirudi kutazama mahali alipozaliwa babu yake, hukutana na bango.

Hapa nataka tutoke Katavi kidogo tuende mbali sana, mpaka Australia. Sababu ni kwamba huko, kazi ya kusaidia jamaa za wenyeji wa asili imeandikwa sana, nasi tunaweza kupima ya kwetu kwa kuitazama ya wenzetu. Wenyeji wa Australia, Waaborijini, waliishi katika nchi ile maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Kati ya mwaka 1910 na 1970, serikali za huko na misheni ziliwachukua watoto wengi wa wenyeji kutoka kwa mama zao na kuwatia katika mabweni au katika nyumba za Wazungu. Taarifa iliyotolewa mwaka 1997 ilisema kwamba kwa kiasi cha chini mtoto mmoja katika kumi alichukuliwa, na huenda ikawa hata mmoja katika watatu. Maafisa waliofanya hivyo wengi wao walisema wanawasaidia watoto. Walifika nyumbani, wakakuta mtoto analala kwa bibi yake leo na kwa mama mkubwa kesho, wakaandika: "Mtoto huyu hana mlezi." Kumbe alikuwa na walezi wanane. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu wao, Kevin Rudd, alisimama bungeni akaomba radhi. Siku hizi kanuni yao ni kwamba mtoto wa mwenyeji akihitaji kuondolewa nyumbani kwa usalama wake, kwanza hutafutwa ndugu wa kukaa naye, kisha mtu wa kabila lake, na mgeni huwa wa mwisho. Hata hivyo kazi haijaisha, kwa kuwa watoto wa wenyeji wanaochukuliwa ni wengi kupita kiasi mpaka leo.

Kwetu watoto hawakuchukuliwa namna hiyo. Kwetu zilihamishwa nyumba. Lakini kosa la macho ni lile lile: mgeni aliitazama jamaa ya mwenyeji akaona nusu tu.

Turudi Mpanda. Huku yalikutwa madini ya risasi. Nasema risasi madini, si risasi ya bunduki, ingawa ya pili hutengenezwa kwa ya kwanza. Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi ule, na mgodi ukafungwa mwaka 1960. Habari zake tutazisoma siku nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ya kikoloni ilianzisha idara ya ustawi wa jamii, kwanza kwa ajili ya askari waliorudi vitani. Baada ya Uhuru wa 1961 kazi hiyo ikapanuliwa, na katika wilaya nyingi za nchi akaonekana Bibi Maendeleo. Wazee wanamkumbuka: baiskeli yake, vitambaa vyake vya kushona, na somo lake la uji wa mtoto. Wengine walimcheka. Lakini Bibi Maendeleo aliingia jikoni, mahali ambapo Bwana Shauri hakuwahi kufika, na mambo mengi ya jamaa husemwa jikoni. Ninyi wenyewe pia mna historia na redio hii mnayoisikiliza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kuzunguka redio katika vikundi, na walipomaliza somo walikwenda kuchimba vyoo.

Mwaka huo huo wa 1973 Serikali iliamua kwamba watu wote wa vijijini wahamie katika vijiji kabla ya mwisho wa 1976. Shabaha ilikuwa njema: shule, maji na zahanati haviwezi kupelekwa kwenye nyumba tatu zilizo msituni. Hata hivyo kwa Watongwe wa milimani, na kwa wengine waliokaa wametawanyika, ilikuwa mara nyingine tena amri ya kufunga mizigo. Mwaka 1974 Katavi ikafanywa hifadhi ya taifa. Jina la hifadhi ni la mzimu wa Wabende, Katabi, ambaye watu walikwenda kumtambikia penye mkwaju karibu na ziwa. Basi jina lilibaki ndani ya mpaka, na watu wakabaki nje.

Karibu na hapo pia waliletwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walipewa makazi Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Wakafyeka pori, wakalima mpaka wakauza chakula. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani, pamoja na yale ya Ulyankulu, walikubaliwa kuwa raia. Wakaambiwa kwamba kabla ya kupewa hati lazima wahamie mikoa mingine. Miaka ikapita, shauri likabadilishwa, na mwaka 2014 hati zikaanza kutolewa bila watu kulazimishwa kuhama. Nadhani safari hii mtu mmoja mahali fulani alikuwa amesoma historia.

Tumefika kwenye sehemu ninayotaka muisikilize kwa makini, kwa kuwa ni ya siku hizi, na ni ya Mpimbwe. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Monique Borgerhoff Mulder, alianza kufanya uchunguzi katika vijiji vya Wapimbwe mwaka 1995. Alirudi mara kwa mara, akiuliza habari za ndoa na uzazi nyumba kwa nyumba. Mwaka 2009 alitoa makala. Alieleza kwamba kwa Wapimbwe, mume na mke wakikaa pamoja huhesabiwa wameoana, na kwamba kuachana na kuoa au kuolewa tena ni jambo la kawaida kwa wanaume na kwa wanawake pia. Wageni wengi wakisikia hivyo husema, "Basi hizo ni nyumba zilizovunjika, na watoto wanateseka." Lakini yeye alihesabu. Akakuta kwamba wanawake walioolewa zaidi ya mara moja walikuwa na watoto wengi zaidi waliosalimika kuliko walioolewa mara moja. Kwa wanaume haikuwa hivyo. Maelezo mojawapo ni rahisi kuyafahamu: mwanamke akimwacha mume mvivu au mlevi, akapata mwingine anayelima, watoto hula.

Msinielewe vibaya. Sisemi watu waachane. Nasema afisa mwenye fomu iliyoandikwa "jina la baba mwenye nyumba" atapotea njia katika kijiji kama hicho. Atauliza baba yuko wapi, na jibu huenda likawa yuko kambini anarina asali, au yuko na mke mwingine, au baba wa mtoto wa kwanza si baba wa mtoto wa tatu. Akiuliza badala yake, "Mtoto huyu akiugua usiku, nani humbeba?" atapata jibu mara moja. Sheria zetu nazo si adui wa jambo hili. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka mbele maslahi ya mtoto. Mama aliyeachwa bila cheti asikubali kuambiwa kwamba hana haki. Aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake.

Sasa jambo lenye uchungu. Uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Katavi, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, kama 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kwa nchi nzima ilikuwa 27. Katavi ilikuwa ya kwanza katika mikoa yote. Wakati ule msichana wa shule akipata mimba alifukuzwa, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Na kuhusu ndoa za watoto, Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 havipatani na Katiba.

Mlango umefunguliwa. Lakini tuulize swali la jikoni: binti akirudi darasani, mtoto anabaki na nani? Anayebaki naye ni bibi, au mama mkubwa, au dada wa mama. Ni yule yule ambaye daftari la kodi halikumwandika. Mfanyakazi wa ustawi anayemwita baba peke yake kwenye kikao, akapata sahihi yake, akaondoka, atakuta baada ya miezi miwili binti yuko nyumbani anatwanga, kwa sababu bibi hakuulizwa kama ana nguvu, wala kama unga upo. Na anayemwita bibi kwanza atajua mambo mengine pia: ni nani aliyempa binti mimba, kwa nini hakutajwa, na ni mjomba gani anayeweza kusema naye bila ugomvi. Iwapo ni jambo la polisi, mfanyakazi lazima alipeleke polisi. Hapo jamaa haina ruhusa ya kumalizia mambo nyumbani kwa mbuzi mmoja. Mjomba mwema na mjomba mwenye kuficha uovu wanaweza kuwa mtu mmoja, na kazi hii inataka macho ya kuona yote mawili.

Kazi ya kikundi kwa juma hili ni hii. Kila mmoja achore nyumba aliyolelewa akiwa na umri wa miaka saba. Aandike majina ya watu wote waliompa chakula mwaka ule, hata kama hawakulala chini ya paa moja naye. Kisha aandike alihama mara ngapi, na nani aliyeamua kuhama kule. Asiyejua bado kuandika aseme, na mwenzake amwandikie. Somo lijalo litahusu reli ya Kaliua mpaka Mpanda. Mwenye redio sasa aizime, tusimalize betri.